Ua la roboti la sebuleni, linachanua lenyewe likiona mwanga

Langu liko juu ya meza ya tivii, mchana limechanua, giza likiingia linafumba, na watoto kazi yao sasa hivi ni kuzima na kuwasha taa waone linafanyaje. Tafuta Arduino Uno (ubao mdogo wa kielektroniki unaouwekea programu kutoka kwenye kompyuta), sevo ndogo ya SG90 (mota inayogeuka kwa digrii unazoiambia), sensa ya mwanga (LDR, ile yenye mstari kama nyoka), resista (kizuia umeme) ya kilo-om 10, nailoni ya kuvulia, bomba la kupitishia waya za umeme, kopo, chupa ya maji. Vya umeme mi nlipata Kariakoo.

Hatua ya 1, ua. Kata chupa katikati, baki na upande wa mdomo, chana petali tano ukishuka mpaka karibu na shingo kisha zikunje kwa nje. Toboa kila petali katikati na sindano ya moto, funga nailoni, zote zipite mdomoni zishuke ndani ya bomba hadi kwenye kopo ilipo sevo. Sevo ikivuta petali zinafumba, ikilegeza plastiki inajirudi yenyewe.

Hatua ya 2, waya. LDR mguu mmoja 5V ya Arduino, mwingine A0 (pini inayosoma sensa), na hapohapo A0 resista iende GND (upande hasi wa umeme). Mwanga ukizidi namba inayosomwa A0 inapanda, inacheza kati ya 0 na 1023. Waya ya chungwa ya sevo pini 9. Umeme wa sevo usitoe kwenye Arduino, ikianza kuvuta ubao unajizima na kujiwasha, chukua chaja ya simu ya 5V ukate waya yake, ILA GND zote ziungane, la sivyo sevo itatetemeka kama ina malaria.

Sensa ndo nlichemka hapo. Nliiweka katikati ya ua ipendeze, usiku ua likafumba likaifunika, asubuhi jua limejaa sebule nzima lenyewe bado limelala 😂 Ibandike nje ya kopo, itazame dirishani.

Hatua ya 3, programu. Usitumie kipimo kimoja, jioni mwanga unapoyumba ua litafumba-fumbua mpaka uchoke. Kwangu linafunguka namba ikipita 450, linafumba ikishuka chini ya 300, katikati hapo linatulia. Zako soma kwanza kwenye Serial Monitor (dirisha la programu ya Arduino kwenye kompyuta linaloonyesha namba). Sevo isogee digrii moja moja na delay(20), yaani isubiri milisekunde 20 kila hatua, ikiruka ghafla inakuwa mtego wa panya sio ua. Likishachanua andika detach() (inaacha kuiamrisha sevo) sevo ipumzike, likitaka kufumba anza na attach(9) (inaiunganisha tena pini 9), maana ile sauti yake ya mbu inakera.