Somo: Namna ya kuthaminisha nyumba wakati wa talaka

Swali hili limejibiwa mara nyingi kiasi kwamba naona ni heri jibu likae mahali pamoja. Wenye haraka wasome walau hatua ya 3.

Hatua ya 1. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa, asiye ndugu wala rafiki wa upande wowote. Makadirio ya dalali si uthamini.

Hatua ya 2. Mwandikieni barua moja ya maelekezo iliyosainiwa na wote wawili, na ripoti itumwe kwenu nyote kwa wakati mmoja. Ada isitegemee ukubwa wa thamani atakayoipata.

Hatua ya 3. Kabla mthamini hajafika nyumbani, kubalianeni juu ya aina ya thamani na tarehe yake. Ripoti inaweza kukataliwa kwa sababu hatua hii ilirukwa, hata kama hesabu zake ni sahihi. Thamani ya soko ni bei ambayo mnunuzi aliye tayari angemlipa muuzaji aliye tayari, bila yeyote kushurutishwa, baada ya nyumba kutangazwa kwa muda wa kutosha. Thamani ya mauzo ya haraka kwa kawaida huwa chini ya hiyo. Na thamani ya bima hukadiria gharama za kujenga upya, kwa hiyo kiwanja hakimo. Anayetaka kubaki na nyumba huvutiwa na namba ndogo, anayeondoka huvutiwa na kubwa, na wote wawili wanaweza kushika ripoti sahihi zinazojibu maswali tofauti. Tarehe nayo ina uzito: kwingine sheria huangalia siku ya kutengana, kwingine siku ya shauri kusikilizwa, hivyo wakili aulizwe mapema. Msichukue ripoti ya benki iliyoandaliwa kwa ajili ya mkopo, maana ilimlenga mkopeshaji. Shauri likichelewa sana, jiandaeni kuomba ripoti ihuishwe.

Hatua ya 4. Kusanyeni hati ya umiliki, ramani, vibali vya ujenzi na taarifa ya salio la mkopo.

Hatua ya 5. Siku ya ukaguzi, wote wawili wapewe nafasi ya kuwepo, na asiwepo wa kumnong'oneza mthamini bei anayoitamani.

Hatua ya 6. Kagueni ripoti: vipimo, idadi ya vyumba, na hasa nyumba za kulinganishia, ambazo zinapaswa kuwa zimeuzwa kweli, si kutangazwa tu. Pingamizi liandikwe na liambatane na ushahidi.

Hatua ya 7. Ondoeni deni kabla ya kugawana. Nyumba yenye thamani ya 100 na mkopo wa 40 inawaachia 60 za kujadili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Benki ilithamini nyumba yetu tulipokopa. Siwezi kuitumia hiyo tu?
Jibu: Hatua ya 3.

Swali: Lakini ile ilifanywa na mthamini halali kabisa.
Jibu: Uhalali wake sijaupinga, ndugu. Nimesema alijibu swali la mtu mwingine, kwa tarehe nyingine.

Swali: Baada ya kutengana nilibaki nyumbani na kujenga upya jiko kwa fedha zangu. Je, mwenzangu atafaidika na ongezeko hilo?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Barua ya maelekezo imwombe mthamini atoe thamani mbili, moja ikiwa na jiko jipya na nyingine kana kwamba halikujengwa. Tofauti yake ndiyo hoja ya kumpelekea wakili. Tunza risiti na picha za kabla na baada, ila usishangae ongezeko likiwa dogo kuliko ulichotumia, kwa kuwa gharama na thamani haziendi sambamba.

Swali: Mwenzangu amekataa kufungua mlango.
Jibu: Mthamini anaweza kukadiria kwa kutazama nje tu, lakini ripoti itajaa dhana kuhusu hali ya ndani na itapingwa kwa urahisi. Wakili aiombe mahakama amri ya kuruhusu ukaguzi.

Swali: Paneli za sola na tangi la maji zinahesabiwa?
Jibu: Kwa kawaida, vilivyofungwa imara kwenye jengo huhesabiwa pamoja nalo, na vinavyohamishika hugawanywa kando na samani. Viorodhesheni katika barua ile ile ya hatua ya 2, visije vikahesabiwa mara mbili.