Umeshaifanya Kazi, Sasa Iandike: Feloshipu za Haki za Kiraia Marekani

Binti wa mama mdogo alimaliza shahada ya kwanza ya sosholojia, akanitumia rasimu ya maombi yake niipitie. Ukurasa mzima ulikuwa "nina bidii", "napenda kusaidia jamii", "nina ndoto ya kuleta mabadiliko". Nikampigia simu. "Kaka, nipe nusu saa," akasema, "nina mama mmoja hapa, mwanawe kasimamishwa masomo na barua ni ya Kiingereza kitupu, namsomea." Nusu saa ikawa saa nzima. Alipopiga nikamuuliza, kazi hiyo ameifanya mara ngapi? "Aah, hiyo si kazi, kaka. Ni majirani tu."

Kwenye rasimu yake hao majirani hawakutajwa hata kwa neno moja.

Nimesoma rasimu za vijana wetu kadhaa wa Afrika Mashariki wanaotafuta nafasi katika mashirika ya haki za kiraia ya hapa Marekani, na ugonjwa ni huo huo. Walichokifanya kweli wanakificha, kisha wanajaza karatasi kwa sifa ambazo kila mwombaji anazo. Nitalirudia hilo mbele, maana ndilo zito. Kwanza tujue mlango uko wapi.

Feloshipu ninayoizungumzia ni ajira ya muda, kwa kawaida mwaka mmoja au miwili, inayolipwa, ndani ya shirika lisilo la faida. Unafanya kazi halisi huku ukifundishwa. Nyingi ni za waliosomea sheria. Feloshipu ya Skadden, iliyoanzishwa 1988, na zile za Equal Justice Works ni za miaka miwili, na zote mbili zina jambo linalowashangaza wengi: hupewi mradi, unaubuni mwenyewe, na unatafuta mwenyewe shirika litakalokupokea. Maombi yanafungwa mapema katika mwaka wa mwisho wa chuo cha sheria, karibu mwaka mzima kabla ya kuanza kazi. Ukianza kuulizia Januari, umeshachelewa.

Kwa mwenye shahada ya kwanza tu, milango ni michache lakini ipo. Equal Justice Initiative, shirika alilolianzisha Bryan Stevenson mjini Montgomery, Alabama, mwaka 1989, limekuwa likichukua wahitimu wapya kwa miaka miwili. Immigrant Justice Corps ya New York, iliyoanza 2014 kutokana na wazo la Jaji Robert Katzmann, imekuwa ikiwaandaa wahitimu wanaojua lugha ya pili wawe wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria, yaani watu wanaoruhusiwa kuwasimamia wahamiaji bila kuwa mawakili. Hapo Kiswahili si pambo la sivii, ni chombo cha kazi. Soma tangazo la mwaka unaoomba, maana masharti hubadilika.

Kama unawaza kusomea sheria, itazame programu ya Marshall-Motley ya NAACP Legal Defense Fund, shirika la mawakili wanaotetea haki za watu weusi, iliyozinduliwa 2021. Inakulipia masomo, nawe unaahidi kufanya kazi ya haki za watu weusi katika majimbo ya Kusini kwa miaka minane. Miaka minane si mchezo, pima kwanza. Huyo Marshall ni Thurgood Marshall, mwanzilishi wa shirika hilo mwaka 1940, na sisi tuna deni naye ambalo wengi hatulijui: mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alikwenda London kwenye mkutano wa Lancaster House kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya, akaandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya katiba. Sikuambii hili ulimimine kwenye insha yako ili kumpendeza mtu. Lakini mwombaji wa Afrika Mashariki asiyejua historia ya watu weusi wa Marekani hujulikana dakika ya tano ya usaili, na hadithi ya "wazazi wangu walikuja na sanduku moja" haimwokoi.

Ipo pia ya Paul na Daisy Soros kwa wahamiaji na watoto wa wahamiaji: hadi dola 90,000 kwa masomo ya juu, watu 30 hivi kwa mwaka. Hiyo ni ya masomo, si ajira, kwa hiyo naipita.

Neno moja kuhusu "jamii zisizowakilishwa vya kutosha", maneno utakayoyakuta kwenye matangazo ya feloshipu. Zamani tangazo liliweza kusema wazi kuwa nafasi ni ya mwombaji mweusi au wa kabila fulani. Juni 2023 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku vyuo kuangalia rangi katika udahili, kisha kampuni kadhaa za mawakili zikafunguliwa kesi kwa sababu ya feloshipu zao, kwa kutumia sheria ya mwaka 1866 iliyotungwa awali kuwalinda watumwa walioachiwa huru. Siku hizi matangazo mengi yanasema "wote wanakaribishwa" na kuuliza umepitia nini na umejitolea vipi. Usidhani umefungiwa nje. Na usidhani asili yako pekee itakubeba. Kwenye hukumu ile ile mahakama ilisema mwombaji bado anaweza kueleza jinsi rangi ilivyogusa maisha yake. Basi eleza, ila ueleze kwa jambo lililotokea.

Karatasi zako kwanza

Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, tazama hali yako ya uhamiaji. Raia, mwenye grinikadi, mkimbizi, au aliyekubaliwa hifadhi anaweza kuajiriwa popote, na hana la kuhangaika hapa. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, ana hesabu ya kupiga. Kibali cha OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, ni miezi 12, feloshipu nyingi ni miezi 24. Mwaka wa pili utaufanyaje?

Kama shahada yako ni ya sayansi, takwimu au kompyuta, unaweza kuongezewa miezi 24, mradi mwajiri yumo kwenye E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kufanya kazi. Mashirika ya haki za kupiga kura yanahitaji sana watu wa takwimu, kwa hiyo njia hiyo si ya kudharau. Wa sosholojia na sayansi ya siasa hawana nyongeza hiyo. Kinachobaki ni H-1B, viza ya kazi anayokuombea mwajiri, ambayo kwa waajiri wengi hupatikana kwa bahati nasibu, na hapa watu hupotoka: kuwa shirika lisilo la faida hakuliondoi shirika kwenye bahati nasibu. Wanaoepuka ni vyuo vikuu, mashirika yaliyofungamana navyo, na mashirika ya utafiti. Ndiyo maana kituo cha haki za kiraia kilicho ndani ya chuo kikuu kinaweza kukufaa kuliko shirika lenye jina kubwa.

Ombi la OPT linaweza kupelekwa kuanzia siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza programu, na mwisho ni siku 60 baada yake. Ukishaanza, usizidishe siku 90 za kukaa bila kazi. Kazi lazima ihusiane na ulichosomea, na ni wewe wa kuueleza uhusiano huo. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni ndiye wa kuonana naye kabla ya rafiki yako yeyote wa WhatsApp, nami nikiwemo.

Kuandika

Tumelelewa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Malezi mazuri. Ila msomaji wa maombi hakuishi mtaani kwenu, na usipomwambia hajui. Nilimwambia binti wa mama mdogo achukue sentensi yake, "Nimewasaidia wanajamii wengi kwa moyo wote", aifute, aniambie kwa mdomo tu: nani, lini, mara ngapi, ikawaje. Tukahesabu pamoja kwa kupekua simu yake. Ikatoka hivi (kwa Kiingereza, bila shaka): "Tangu 2022, kila Jumapili baada ya ibada, huzisomea familia zinazozungumza Kiswahili barua za shule. Hadi sasa ni familia 23. Barua tisa zilikuwa za kuwasimamisha watoto masomo, na zote tisa zilikuja kwa Kiingereza peke yake. Wazazi wanne walikuwa wamezisaini wakidhani ni fomu za safari ya darasa."

Hiyo sentensi ya mwisho nilipoisikia nilinyamaza kidogo. Ndiyo insha. Haikuhitaji neno "shauku".

Halafu akapiga hatua ya pili, ambayo ndiyo inayomtofautisha mwombaji wa haki za kiraia na mtu mwema tu: kuonyesha kwamba bahati mbaya ya jirani ni jambo la sheria. Ibara ya sita ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya taifa mahali panapopokea fedha za serikali kuu, na katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, 1974, Mahakama ya Juu ilisema shule za San Francisco zilivunja sheria hiyo kwa kuwaacha watoto wa Kichina wasiojua Kiingereza bila msaada. Mistari miwili ikatosha. Msomaji akaona kuwa huyu binti kaikuta haki za kiraia mezani kwa jirani.

Tahadhari hapa, tafadhali. Kumsomea mtu barua na kumtafsiria ni sawa. Kumchagulia fomu ya uhamiaji na kumwambia ajibu nini ni ushauri wa kisheria, na asiye wakili wala mwakilishi aliyeidhinishwa hana ruhusa ya kuutoa, hata bure. Nimewahi kuona rasimu iliyojisifia "nimewajazia watu fomu za hifadhi". Mwandishi alijishtaki mwenyewe kwa wino wake, mbele ya mawakili.

Ukishapata

Uliza kama unalipwa mshahara au posho isiyokatwa kodi. Posho ikija nzima, kodi bado unadaiwa, na huenda ukatakiwa kuilipa mwenyewe kwa awamu nne: Aprili, Juni, Septemba na Januari. Bima ya afya: kama mzazi wako anayo ya hapa, unaweza kubaki humo hadi utimize miaka 26. Mikopo ya serikali kuu ya masomo inaweza kusamehewa baada ya malipo 120 ukiwa unafanya kazi ya muda wote kwenye shirika kama hili, kwa hiyo miaka yako miwili inaweza kuhesabiwa. Nyumbani waambie mapema kiasi halisi. Wakisikia uko Washington watadhani mengine.

Na kama si raia, shika hili: kazi ikikupeleka kuandikisha wapiga kura, uliza kwanza sheria ya jimbo hilo inaruhusu nani kuifanya. Usijiandikishe wewe mwenyewe, hata kwa mzaha au kwa kuonyesha mfano, na usitie tiki kwenye kisanduku cha "mimi ni raia" unapochukua leseni ya udereva. Kosa hilo linaweza kukufungia mlango wa uraia na kukufukuzisha nchini, na kisingizio cha kutokusoma vizuri mara nyingi hakisaidii.

La mwisho ni barua za mapendekezo. Kama mwalimu wako yuko nyumbani, mwombe wiki nane kabla, mtumie zile namba zako za familia na barua, na umuulize kama anaweza kuipandisha barua kwenye mtandao yeye mwenyewe. Yangu ilifika siku tatu baada ya tarehe ya mwisho, imepigwa picha kwa simu, kidole gumba kikiwa juu ya saini.