Injini Ikisumbua Kambini: Mwongozo kwa Wanaoishi Ndani ya Gari Kiangazi cha Tabora

Kiangazi cha Tabora, kuanzia Mei hadi Oktoba, ndicho kipindi ambacho njia za ndani za Sikonge, Urambo na Kaliua hupitika, na ndicho kipindi ambacho warina asali na watu wengine wenye kazi za porini huhamia misituni kwa wiki kadhaa. Wengi hulala kwenye mahema, lakini wapo waliong'oa viti vya Coaster na kuweka vitanda, jiko la gesi na friji ndogo, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao.

Gari la namna hiyo lina faida moja ambayo basi la abiria halina: si lazima lifike leo. Kitanda kimo, maji yamo na unga umo. Kwa maoni yangu, injini nyingi zinazofia porini haziuawi na hitilafu ya kwanza, bali na kilomita zinazoongezwa baada ya hitilafu hiyo kuonekana, kwa sababu dereva alitaka kufika kijijini kabla ya giza. Kwa hiyo kanuni inayotangulia nyingine zote ni kusimama mapema na kulala hapo hapo ikibidi.

Tatizo linaloongoza kiangazi ni gari kuchemsha. Sindano ya joto ikipanda kupita mahali pake pa kila siku, zima kiyoyozi, fungulia hita hadi mwisho ikiwa gari linayo, kwani hita nayo ni kama rejeta (kifaa cha kupoza maji ya injini) ndogo inayopunguza joto la injini, kisha tafuta mahali pa kusimama. Usisimame juu ya nyasi ndefu zilizokauka. Bomba la moshi lililotoka safari lina joto la kutosha kuwasha nyasi hizo, na moto ukishika mwezi wa Septemba huna wa kukusaidia kuuzima. Fyeka na kufagia eneo lote chini ya gari na kulizunguka kabla hujafungua boneti, na ikiwa umesimama barabarani, weka viakisi mbele na nyuma. Wasio navyo huweka matawi mabichi, jambo linaloeleweka na kila dereva wa nchi hii, ila matawi hayo yaondolewe wakati wa kuondoka.

Mfuniko wa rejeta usiguswe kwa wakati huo. Mji wa Tabora uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na mfuniko, na ukiufungua yakiwa ya moto yatachemka kwa kishindo na kukurukia usoni. Kwa sababu hiyo hiyo, mfuniko ambao springi yake imechoka au mpira wake umepasuka unatosha peke yake kulifanya gari zima lichemshe, ingawa ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa dukani. Beba wa akiba. Subiri saa moja au zaidi, mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuondoa mkono, ndipo ufungue taratibu na kuongeza maji kidogo kidogo. Maji baridi yakimiminwa kwenye injini ya moto yanaweza kupasua silinda hedi, yaani kichwa cha injini.

Muda huo wa kusubiri utumie kuchunguza. Chuchumaa mbele ya gari lililotoka kupita njia yenye nyasi za kimo cha boneti, na kati ya mapezi ya rejeta utakuta mbegu, manyoya ya nyasi na mabawa ya panzi yaliyokandamana kama godoro. Hewa haipiti hapo hata feni ikizunguka vizuri. Uchafu huo utolewe kwa brashi laini na kwa maji yanayopitishwa kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa maana ukisukuma kutoka mbele unazidi kuugandamiza, na mapezi yenyewe hupinda kwa urahisi. Kinga yake ni kipande cha wavu wa dirishani kinachofungwa mbele ya rejeta na kukung'utwa kila mnaposimama.

Kisha bonyeza mkanda wa feni katikati kwa kidole gumba. Ukizama zaidi ya sentimita moja na nusu hivi, umelegea na unahitaji kukazwa. Mpira wa rejeta uliotoboka ukaushwe na kufungwa kwa ukanda mrefu wa tyubu ya baiskeli, uliovutwa kwa nguvu na kuzungushwa mara nyingi. Kiraka cha namna hiyo hakihimili shinikizo kubwa, na ndiyo maana mafundi wa njiani huuacha mfuniko wa rejeta ukiwa umelegezwa hatua moja. Njia hiyo inafaa, mradi ukumbuke kwamba sasa maji yako yatachemka kwenye zile nyuzi 96, hivyo endesha polepole na usimame mara kwa mara kuyaongeza.

Ikiwa kila kitu kinaonekana kizima na bado gari linachemsha, angalia chini ya mfuniko wa oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, au mapovu yanayotoka mfululizo kwenye rejeta injini inapowashwa baada ya kupoa, vyote vinaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo bapa kilicho chini ya kichwa cha injini. Hapo kazi ya kambini imekwisha, na injini isiwashwe tena mpaka fundi afike.

Maji ya rejeta yatengwe na maji ya kunywa tangu mnapoondoka mjini, kila moja kwenye dumu lake lenye alama, na yale ya watu yasiguswe kwa ajili ya injini hata siku moja. Wanaopiga kambi karibu na mizinga wajue pia kwamba nyuki hutafuta maji kiangazi na hujaa mahali popote panapodondoka tone. Rejeta inayovuja itawaleta, kwa hiyo kazi za maji zifanyike alfajiri au jua likishazama.

Baada ya maji, linalofuata ni dizeli. Mafuta ya madumu yaliyosafiri kilomita nyingi huwa na vumbi, na mara nyingine maji. Yaache yatulie usiku kucha, yachuje kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na usimimine kile kinachobaki chini ya dumu. Gari linalokosa nguvu mlimani, linalokatakata na hatimaye kuzima, mara nyingi filta yake imeziba au hewa imeingia kwenye mfumo wa mafuta. Fungua koki iliyo chini ya filta utoe maji, badilisha filta ikiwa unayo, kisha legeza nati ya kutolea upepo na kusukuma pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu. Kwenye injini za zamani kama Toyota 1HZ, iliyomo katika Land Cruiser nyingi na baadhi ya Coaster, kazi hii humalizika kwa spana moja au mbili na uvumilivu. Kwenye injini za kisasa zinazoendeshwa kwa kompyuta usithubutu kulegeza mabomba ya nozeli, kwani shinikizo lake linazidi baa 1,000 na dizeli inayochomoka humo hupenya ngozi. Tangi likitobolewa na kisiki, sabuni ya mche iliyokandwa na kusukumwa kwenye tundu huzuia mafuta kwa muda wa kutosha kukufikisha kwa mchomeleaji.

Hewa haihitaji maneno mengi: moshi mweusi na gari zito ni dalili za filta ya hewa iliyojaa vumbi, na filta hiyo hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, wala haioshwi kwa petroli.

Umeme ndio unaowasumbua zaidi wanaoishi ndani ya gari, kwa sababu friji, taa na simu hula kwenye betri ile ile inayotakiwa kuwasha injini asubuhi. Sehemu ya kuishi iwe na betri yake na paneli yake ya sola, na betri ya injini iachiwe injini. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma 12.6 hivi, na ikifika 12.2 imebaki na nusu ya chaji yake. Injini ikiwa inanguruma, kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, la sivyo tazama mkanda wa altaneta, mashine inayochaji betri, kabla ya kuilaumu altaneta yenyewe. Coaster nyingi zina betri mbili zinazotoa volti 24, na mafundi wa redio wana tabia ya kuchukua volti 12 kutoka betri moja tu. Usikubali. Betri hiyo huisha chaji mapema huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili huharibika. Weka kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12. Pia gusa vichwa vya betri kila wiki, maana barabara za makorongo huvilegeza, na stata (mota ya kuwashia injini) inayotoa mlio wa tak tak mara nyingi haina tatizo zaidi ya hilo.

Pale ambapo kazi inakushinda, mwite fundi kwa maelezo yanayomfaa. Mtandao usipokamata chini, panda kichuguu na kutuma ujumbe mfupi, ambao mara nyingi hupita pale simu isipopita. Mwandikie aina ya injini, namba ya chesisi, dalili kwa mpangilio zilivyotokea, na jina la kijiji cha mwisho mlichopita. Mkubaliane kabisa malipo ya kazi na hela ya bodaboda kabla hajaondoka mjini. Spea isiyopatikana Tabora huagizwa Dar es Salaam, Kariakoo au Gerezani, ikaja kwa basi. Muuzaji apelekewe picha ya kifaa cha zamani pande zote pamoja na namba zilizochongwa juu yake, na wewe umwombe namba ya basi na ya kondakta. Ofisi ya kijiji iliyo karibu nanyi ijulishwe mlipo, na ikiwa ni msitu wa hifadhi, kibali chenu kiwe na tarehe zinazotosha kwa siku za kusubiri.

Ikibidi kuvutwa, tumia cheni au kamba nene iliyofungwa kwenye ndoano ya chesisi, si kwenye bampa. Injini iliyozimwa huacha breki ngumu na usukani mzito, hivyo anayevutwa awe dereva mwenye nguvu na anayevuta asizidi mwendo wa baiskeli. Ufunguo ugeuzwe ili usukani usijifunge, na gari la gia otomatiki lisivutwe matairi ya nyuma yakiwa chini mpaka propela, yaani chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye matairi hayo, ifunguliwe.