Namna ya kumaliza wiki ya kwanza kwenye Lost in Blue bila kumuua Skye

Mpwa wangu alicheza Lost in Blue, gemu ya kujiokoa kisiwani, jioni moja stima ilipopotea huku Kondele, Kisumu. Baada ya dakika arobaini hivi aliiweka mezani kwa hasira. "Mjomba, huyu dada amekufa kwa kiu, na mto uko hapo nje ya pango!"

Alikuwa amepotelea pale wanapopotelea wengi. Walioniletea malalamiko kuhusu gemu hii karibu wote walidhani ni ya kuzunguka na kuvumbua mambo. Ukiicheza hivyo utazika watu. Lost in Blue ni gemu ya bajeti: una mchana mmoja, matumbo mawili ya kulisha, na kila hatua unayopiga inakatwa kwenye nguvu zako. Mama yeyote aliyewahi kuendesha nyumba kwa pesa za siku ataielewa haraka kuliko kijana aliyezoea gemu za bunduki.

Kwa wasioijua: Konami waliitoa mwaka 2005 kwa ajili ya Nintendo DS, mashine ya gemu ya mkononi yenye skrini mbili. Ni mtoto wa gemu ya zamani zaidi, Survival Kids ya mwaka 1999 kwenye Game Boy Color, mashine ya mkononi ya Nintendo ya kabla ya DS, ambayo Ulaya iliuzwa kwa jina la Stranded Kids. Keith, kijana ambaye meli yake imezama, anaamka ufuoni kwenye kisiwa kisicho na watu. Baadaye anakutana na msichana, Skye, ambaye miwani yake imevunjika na haoni vizuri. Kutoka hapo mzigo ni wako.

Hatua ya 1: Kagua mashine kabla ya kulipa

Yangu ni DS Lite, toleo jembamba la DS, nimeitoa kwenye rundo la vifaa vya mitumba soko la Kibuye siku ya Jumapili. Ukienda kutafuta yako, usiridhike kwa kuona taa inawaka. Gemu hii inatumia karibu kila kiungo cha mashine: vitufe viwili vya mabegani, L na R, kuwashia moto, skrini ya chini kuchimba mchanga na kuvua samaki, maikrofoni kupuliza moto. Kimoja kikiwa kibovu, hutaishi.

Vitufe vya L na R ndivyo vinavyokufa kwanza kwenye DS Lite, kwa sababu vumbi huingia kwenye kona. Bonyeza kila kimoja mara ishirini haraka haraka. Kikigoma, kibonyeze huku ukipuliza kwa nguvu kwenye ule mwanya wa pembeni. Mara nyingi hufufuka. Skrini ya kugusa ijaribu kwa kufungua PictoChat, programu ya kuchora na kutumiana ujumbe iliyomo ndani ya kila DS, kisha uchore mistari kutoka kona hadi kona. Mstari ukienda upande mwingine na kikalamu chako cha kugusia skrini upande mwingine, ingia kwenye mipangilio urekebishe mguso upya. Angalia pia bawaba ya kulia, maana hupasuka. Ufa mdogo si neno, ila tumia ufa huo kupunguza bei.

Maikrofoni utaijaribu ukiwa na kaseti ya gemu yenyewe. Kwenye DS Lite ni kitundu kidogo katikati ya bawaba. Kaseti haina ubaguzi wa nchi: ya Japani au ya Marekani zote zinafanya kazi kwenye DS yoyote, tatizo ni lugha tu. Ukikosa DS kabisa, 3DS na 2DS, mashine za Nintendo zilizofuata, zinasoma kaseti hizo hizo.

Hatua ya 2: Chaja, tafadhali

Hapa niliungua mimi mwenyewe. Mashine ilikuja na chaja ya Marekani, ya pini mbili bapa. Nikanunua adapta ya bei ya chini, nikachomeka ukutani. Dakika mbili baadaye nyumba ilinuka plastiki. Chaja ile imeandikwa 120 V, na ukuta wa Kenya unatoa 240 V. Adapta inabadilisha umbo la pini tu, haipunguzi umeme. Mashine ilipona kwa bahati.

Soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja. Kama hayafiki 240, iweke kando utafute waya ya USB ya DS Lite. Mashine inataka volti tano na kidogo, kwa hiyo chaja ya kawaida ya simu inaitosha, hata pawabenki stima ikipotea. DS ya kwanza kabisa, ile nene, ina tundu tofauti: inashiriki chaja na Game Boy Advance SP, mashine nyingine ya Nintendo. Usilazimishe waya.

Hatua ya 3: Ukiwa peke yako

Mwanzoni ni wewe, mchanga na minazi. Utaona vipimo kwa asilimia: njaa, kiu na nguvu, pamoja na uhai wenyewe. Njaa, kiu au nguvu ikifika sifuri, uhai unaanza kuliwa. Kwa hiyo uhai usiutazame sana; tazama hivyo vitatu.

Tafuta maji kwanza, chakula baadaye. Kiu hushuka upesi, na maji ya mto ni ya bure, hayapikwi wala hayachimbwi. Nimejiwekea sheria: kiu ikigusa 50, popote nilipo nageuza kurudi mtoni. Wengine husubiri 20, halafu wanaanza kukimbia, na kukimbia kunakula nguvu. Nazi okota njiani, lakini usiende mbali kwa ajili ya nazi moja.

Pango ukishalipata, lifanye nyumbani. Kila safari ihesabu kwenda na kurudi.

Hatua ya 4: Moto

Utahitaji vitu vikavu vya kuwashia na kuni za kulisha moto ukishawaka. Kisha unabonyeza L na R kwa zamu, kushoto, kulia, kushoto, kulia, Keith asokote kijiti mpaka moshi utoke. Hapo unapuliza kwenye maikrofoni.

Kosa la wengi ni kubonyeza kwa hasira. Vidole vinagongana, L inabonyezwa mara mbili mfululizo, kazi inaharibika. Shika mashine kama sahani ya ugali ya moto, kwa vidole vya shahada tu, na utafute mdundo. Mpwa wangu aliweza siku alipoanza kuhesabu kwa sauti kama anayetwanga mahindi. Kupuliza nako: sogeza mdomo karibu na bawaba, pumzi ndefu tulivu, bila mate. Mate yakiingia kwenye kitundu kile utarudi kwa fundi.

Usijaribu hatua hii ndani ya matatu. Nilijaribu kati ya Ahero na Kisumu; mama niliyekaa naye aliniuliza kwa upole kama nina pumu.

Hatua ya 5: Skye

Hapa ndipo gemu inaanza kweli. Skye ana njaa yake na kiu yake, na akifa gemu imeisha. Kwa kuwa haoni vizuri, hatoki kwenda kujitafutia. Inabidi umshike mkono umpeleke kwenye maji. Ndiyo, hata kama mto uko karibu. Wachezaji wamelalamikia jambo hili tangu gemu itoke na sina la kuwatetea watengenezaji.

Nilichojifunza ni kulifanya kuwa ratiba. Asubuhi, kabla ya lolote, namshika mkono, tunakunywa wote wawili, narudi naye pangoni. Jioni tena hivyo hivyo kabla ya kulala. Safari zangu zote zinakaa katikati ya maji hayo mawili. Ukimpeleka maji pale tu unapokumbuka, utakumbuka ukiwa upande wa pili wa kisiwa.

Lakini Skye si mzigo mtupu. Anapika, na chakula kilichopikwa kinashibisha kuliko kibichi. Ulichookota usikile njiani isipokuwa unakaribia kuanguka. Mpelekee apike, mle wote.

Hatua ya 6: Mchanga kwanza, mkuki baadaye

Ufuoni kuna chaza na vinginevyo chini ya mchanga. Unakwangua skrini kwa kikalamu mpaka kitu kionekane. Ni kazi ya kuchosha isiyo na utukufu, na ndiyo itakayowalisha siku za mwanzo. Pita ufuo mmoja kila siku badala ya kuhangaika na fukwe tatu.

Mkuki ukiupata, samaki unawaona kutoka juu wakipita majini, unagusa skrini kuchoma. Jirani yangu anavua omena kwa taa usiku karibu na Dunga, na nilipomwonyesha alicheka: "Samaki hafukuzwi, anangojewa." Alikuwa sahihi kuliko nilivyokuwa mimi baada ya saa mbili za kupigapiga skrini. Tuliza kikalamu sehemu moja, samaki akija, gusa mbele ya kichwa chake kidogo, kwa sababu atakuwa amesogea. Ukigusa mkia umechelewa.

Hatua ya 7: Usiende mbali mapema

Kisiwa kina mengi: wanyama wa kuwinda ukipata upinde, fenicha za kutengenezea pango, magofu yenye mafumbo. Yote yanavuta. Mimi siendi mpaka asubuhi moja niamke nikiwa na chakula cha siku mbili pangoni, kuni za ziada, na sisi wawili tukiwa juu ya 70 kwa kila kipimo. Siku hiyo nampeleka Skye mtoni, namrudisha, naondoka mapema na kubeba chakula kidogo tu. Kiu yangu ikigusa 50, narudi, hata kama mlango wa gofu uko mbele ya macho yangu.

Mpwa wangu alifuata hayo likizo iliyopita. Alifika siku ya tisa kabla stima haijarudi, naye akaniomba rimoti ya televisheni. Aliiacha mashine wazi mezani. Ukiinuka, ifunge: DS ikifungwa inalala, na Skye hapati kiu ukiwa unatazama mpira.