Namna ya kugawana kazi ya kutunza majarida ya karatasi: mwongozo kwa wakutubi wa vyuo vikuu

Ghorofa ya majarida ndiyo ya kwanza kunyemelewa chuoni. Idara ya kompyuta inataka chumba, wanafunzi wanataka meza za kusomea, na pale juu kuna rafu kwa rafu za juzuu zilizojalidiwa vizuri ambazo hazijaguswa tangu majarida yenyewe yaanze kusomwa mtandaoni. Mkutubi anayeamua peke yake ana mawili tu: azibakize zote, au azitoe na kumwomba Mungu mwenzake wa chuo jirani asifanye hivyo hivyo wiki hiyo hiyo.

Maktaba tatu nne zikikaa pamoja, inapatikana njia nyingine. Kila moja inachukua majarida fulani na kuahidi kwa maandishi kuyatunza kwa niaba ya wenzake. Wenzake, kwa nguvu ya ahadi hiyo, wanaweza kutoa nakala zao na kupata nafasi. Kazi hii nimeifanya upande wa rafuni, kalamu ya risasi na kitambaa cha vumbi mkononi, kwa hiyo mwongozo huu hautakaa sana kwenye vikao.

Hatua ya 1: Anza na mnaojuana

Msiunde chombo kipya. Tanzania ina COTUL, Kenya ina KLISC, Uganda ina CUUL, na vyama hivi tayari vinazikutanisha maktaba za vyuo kulipia majarida ya kielektroniki. Maktaba tatu hadi tano zinatosha kuanzia. Kila moja iteue mtu mmoja, na awe yule anayeshika majarida kila siku, hata kama cheo chake ni kidogo.

Hatua ya 2: Yapangeni majarida kwa hatari ya kupotea

Si kila jarida linastahili jasho lile lile. Waliotutangulia walilijua hilo mapema. Uingereza, mpango wa UK Research Reserve ulioanza 2007 uliweka kanuni ya nakala tatu: moja British Library, nyingine mbili kwenye maktaba za vyuo wanachama. Nakala tatu zikishathibitishwa, wanachama wengine walikuwa huru kutoa za kwao. Magharibi mwa Marekani, mpango wa WEST unaosimamiwa na California Digital Library uliyagawa majarida katika madaraja ya shaba, fedha na dhahabu. La shaba, ambalo nakala yake ya kielektroniki imeshawekwa kwenye hifadhi ya kuaminika, halifunguliwi ukurasa kwa ukurasa. Ukipanda daraja, ukaguzi nao unazidi.

Kwetu huku nashauri mfanye mafungu mawili tu. Fungu la kwanza ni majarida ya kimataifa yaliyomo JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya majarida, au kwenye hifadhi ya kielektroniki kama Portico. Hayo yako katika maktaba nyingi duniani. Wekeni nakala moja au mbili kwa umoja wenu, kagueni juujuu, msonge mbele. Nafasi nyingi ya rafu itapatikana hapo.

Fungu la pili ni yetu wenyewe: Tanganyika Notes and Records iliyoanza 1936, Uganda Journal iliyoanza 1934, East African Medical Journal, jarida la Kiswahili, na majarida ya vitivo yaliyotoka matoleo manne matano kisha yakakoma. Haya wekeni angalau nakala tatu, katika miji tofauti, na kila moja ikaguliwe toleo kwa toleo. Tukiyapoteza haya, hakuna wa kumwendea kuomba nakala. Nguvu zenu nyingi zielekezeni hapa, hata kama mkuu wa chuo anauliza kwa nini rafu hazijapungua.

Hatua ya 3: Linganisheni orodha

Kila maktaba itoe jedwali la Excel lenye safu hizi: ISSN (namba ya utambulisho wa jarida), jina la jarida, juzuu ya kwanza iliyopo, ya mwisho, mapengo, na mahali lilipo. Unganisheni majedwali kwa ISSN, msiunganishe kwa jina, maana jina moja huandikwa kwa namna tatu.

Kabla ya kuunganisha, hakikisha namba zimeandikwa sawasawa. ISSN ina tarakimu nane, na ya mwisho ipo kwa ajili ya kufichua makosa. Chukua ya jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 0856-048X. Tarakimu saba za kwanza zizidishe kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano. Unapata 0, 56, 30, 30, 0, 12 na 16, jumla 144. Gawa kwa 11, inabaki 1. Toa 1 kwenye 11, unapata 10, na 10 huandikwa X. Namba iko sawa. Fomula ya Excel itakufanyia orodha nzima kwa dakika moja.

Kinachosumbua zaidi ni majina yanayobadilika. Jarida hilo hilo la Kiswahili lilianza likiwa Bulletin ya Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930, likawa Journal of the East African Swahili Committee, likawa Swahili, na hatimaye Kiswahili. Kamati yenyewe ilihama kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, ikaenda Makerere, ikapita Mombasa, kisha ikarudi Dar es Salaam. Maktaba moja inaweza kuwa na miaka ya mwanzo ikaiorodhesha kwa herufi B, nyingine ina miaka ya katikati kwa herufi J, na zote mbili zikaamini kwamba zina pengo. East African Medical Journal nayo iliwahi kuitwa Kenya Medical Journal. Kwa hiyo chora mti wa jina kwa kila jarida la fungu la pili: lilikuwa nani, likawa nani, lini. Kazi hii haina fomula. Inataka mkutubi mzee mwenye kumbukumbu, na kama amestaafu, mpigieni simu.

Hatua ya 4: Fungua juzuu

Niliwahi kuidhinisha kutolewa kwa juzuu za jarida moja la kilimo kwa sababu katalogi ya maktaba nyingine ilisema wanalo lote tangu juzuu ya 1. Miezi michache baadaye mtafiti akaomba makala. Wenzetu wakapanda rafuni, juzuu tatu hazikuwepo, na iliyokuwa na makala yenyewe ilikuwa imekatwa kurasa kwa wembe. Za kwetu zilikuwa zimeshakwenda kwa mnunuzi wa karatasi chakavu. Makala ile hatukuipata. Katalogi haikuwa na kosa: ilisema kilichonunuliwa. Tangu siku ile sikubali neno "lipo" mpaka mtu ameligusa.

Kagueni wawili wawili, mmoja anafungua, mwingine anaandika. Usiivute juzuu kwa kidole juu ya mgongo, jalada litachanika. Zisukume ndani zile mbili za pembeni, kisha ishike katikati. Ilaze juu ya kitambaa cheusi na ufungue polepole. Chembe za karatasi zikibaki kwenye kitambaa, karatasi imeshakuwa kavu na inavunjika. Hilo ni kawaida kwa karatasi za massa ya mti zilizotawala viwanda tangu nusu ya pili ya karne ya 19, kwa kuwa zina asidi ndani yake na zinajila zenyewe.

Kisha pitia haya. Je, matoleo yote ya juzuu yamo? Usitegemee maandishi ya mgongoni, soma ukurasa wa mbele wa kila toleo, kwani fundi jalidi huenda alipewa matatu akaandika manne. Namba za kurasa zinafuatana? Pitisha kidole gumba pembeni mwa kurasa: ulipo ukingo mfupi uliosimama katikati, hapo wembe umepita. Ramani na picha za kukunjwa zipo? Hizo huondoka kwanza. Faharasa ya mwaka na matoleo ya nyongeza yamo? Kuna kuvu, vumbi jeusi linalonuka, au njia za mchwa kwenye jalada? Juzuu yenye kuvu mbichi iwekwe kando, mbali na nyingine, siku hiyo hiyo.

Ukikuta vibanio vya chuma, toa, hasa kwenye miji ya pwani. Kutu yake hupenya kurasa kumi.

Andika matokeo kwenye jedwali kwa maneno mafupi yaliyokubaliwa na wote: kamili, pungufu toleo fulani, kurasa zimekatwa, karatasi kavu, kuvu. Kila maktaba ikijitungia maneno yake, kulinganisha hakutawezekana.

Hatua ya 5: Amueni nani anatunza nini

Wengi hukimbilia kumpa mwenye juzuu nyingi. Mimi huangalia paa kwanza. Maktaba yenye mkusanyo pungufu na chumba kikavu inafaa kuliko yenye mkusanyo kamili chini ya bomba la choo cha ghorofa ya juu, kwa sababu juzuu huhamishika na jengo halihamishiki.

Zipo nchi zilizojenga bohari moja ya taifa. Finland wanayo Kuopio tangu 1989, na maktaba hupeleka huko wasichokitumia. Ni jambo zuri, lakini msisubiri jengo. Kila maktaba itunze pale pale ilipo, na nakala za fungu la pili zisikae zote kwenye hali ya hewa moja: iwepo ya pwani na iwepo ya bara.

Bohari za kisasa za Marekani hukaa kwenye nyuzi 10 hivi za Selsiasi, na unyevu wa asilimia 30 hadi 35. Dar es Salaam au Mombasa hilo halipo, na kulifukuzia kunamaliza bajeti. Linalowezekana ni utulivu. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni huleta unyevu kupanda na kushuka kila siku, na kuvu hupenda hivyo. Kama huna uhakika wa kukiwasha usiku na mchana, afadhali feni, madirisha yenye nyavu, na rafu zilizosogezwa kutoka ukutani kiasi cha mkono kupita.

Hatua ya 6: Zibeni mapengo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda. Mtunzaji mmoja ana juzuu ya 12 iliyokatwa kurasa, mwenzake ana nzima na anataka kuitoa. Inapanda basi, inapokelewa, na mkusanyo unakamilika. Fanyeni hivi kabla mtu yeyote hajatoa kitu, na kila kinachohama kiambatane na barua fupi inayosema ni mali ya nani kuanzia sasa.

Hatua ya 7: Andikeni ahadi

Kurasa mbili au tatu zinatosha, zisainiwe na mkuu wa maktaba na chuo chenyewe, kwa sababu mkutubi hustaafu. Lazima ziseme muda, na ninashauri msishuke chini ya miaka 10. WEST walijifunga mpaka 2035. Ziseme nani mmiliki. Ziseme kwamba mtunzaji akishindwa, kwa moto, mafuriko au kukosa nafasi, hatatupa kitu bila kuwapa wenzake taarifa miezi 12 kabla na nafasi ya kuchukua. Ziseme msomaji wa chuo kingine ataipataje makala: kwa kawaida juzuu haitoki, mtunzaji anaskani na kutuma, kwa kufuata sheria ya hakimiliki. Wekeni na siku za kujibu, mfano tatu za kazi. Maktaba iliyotoa nakala zake kwa kukuamini isisubiri wiki mbili kwa makala ya kurasa nane.

Hatua ya 8: Iandike ahadi kwenye rekodi

Ahadi iliyomo kwenye faili la mkuu haimsaidii mkutubi mgeni anayepunguza rafu miaka sita baadaye. Iweke kwenye katalogi. MARC, muundo wa kuandikia rekodi za katalogi, ina uga wa 583 kwa kazi hii, na Koha, programu ya kuendeshea maktaba, inaupokea bila tatizo. Mfano:

583 1_ $3 Juz. 1–39 $a committed to retain $c 20260101 $d 20351231 $f jina la mpango wenu $2 pda $5 msimbo wa maktaba

Uga mdogo $3 unasema ni juzuu zipi, $c ahadi imeanza lini, $d inaisha lini, $5 ni ya nani. Maneno ya $a yaacheni kwa Kiingereza kama yalivyo, ndiyo msamiati uliokubaliwa kimataifa, unaotajwa kwenye $2 kwa msimbo pda, na mashine zinautafuta huo. Tarakimu 1 mwanzoni inafanya dokezo lionekane na wasomaji. Ukiweka 0 litafichwa. Ongeza uga wa pili wa 583 kwa ajili ya ukaguzi: $a condition reviewed, tarehe, na mapungufu mliyoyakuta.

Halafu bandika kibandiko mgongoni mwa kila juzuu, rangi moja kwa maktaba zote, chenye maneno HIFADHI YA PAMOJA, USITOE. Asiyefungua katalogi ataona rangi.

Hatua ya 9: Sasa toa

Toeni kwa mafungu madogo, jarida moja moja. Kabla ya kila jarida, mtunzaji athibitishe kwa barua pepe kwamba juzuu ziko rafuni leo. Juzuu za chuo cha umma ni mali ya umma, kwa hiyo pitieni taratibu za chuo za kuondoa mali, na mzitolee kwanza maktaba zisizo wanachama: vyuo vipya, vyuo vya ualimu, taasisi za utafiti. Katalogi yenu isifute jarida lililotolewa. Ibakize rekodi na iandike linapatikana maktaba gani, ili mwanafunzi akilitafuta aelekezwe huko.

Mara moja kwa mwaka, kila mtunzaji achague juzuu chache bila mpangilio kutoka kila jarida alilochukua, azifungue juu ya kile kitambaa cheusi, na awatumie wenzake alichokiona.