Video za Kampeni Ughaibuni: Anza na Viza Yako

Naandika nikiwa likizo Tanga, kwenye baraza la kahawa la mjomba, Ngamiani. Jana nilimwonyesha video niliyomtengenezea mgombea udiwani mmoja kule Uingereza, ya dakika mbili na nusu. Haikufika hata sekunde ya 20, mzee akanirudishia simu. "Huyu anaomba kura au mchango, mjomba?"

Kweli tupu. Mgombea alikuwa bado anajitambulisha. Anza na jambo lenyewe: basi lililoondolewa mtaani, kodi ya nyumba, siku ya kura. Maandishi yawe makubwa, maana watu wetu wengi hutazama kwenye treni sauti ikiwa imezimwa. Na Kiswahili kiwe cha kuongea; usikubali ofisi ya kampeni ikuletee kilichotafsiriwa na mashine.

Lakini kabla ya kushika kamera, soma viza yako. Uingereza, Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda anayeishi kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura hata ya wabunge, kwa kuwa nchi zetu zimo Jumuiya ya Madola. Mrundi hayumo. Wengi wetu tunakaa miaka bila kulijua hili. Marekani mambo ni mengine kabisa: asiye raia hapigi kura ya rais wala ya Kongresi, na kujiandikisha hata kwa bahati mbaya, ukijaza fomu ya leseni ya udereva, kunaweza kukurudisha nyumbani. Asiye na grini kadi haruhusiwi kuchangia kampeni hata dola moja. Kujitolea bila malipo anaruhusiwa, ila asikae kwenye vikao vya maamuzi.

Wanafunzi mlioko Uingereza, hapa ndipo wengi hunaswa. Mwanafunzi wa shahada ana saa 20 za kazi kwa wiki muhula ukiendelea, na kujiajiri hakuruhusiwi kabisa. Kuhariri video kisha ukatoa ankara yako ni kujiajiri, hata kama ni ya pauni 30. Kampeni ikuajiri kwa mkataba, uingie kwenye orodha yao ya mishahara.

Jambo jingine lilinikosesha usingizi. Tangu Novemba 2023, video ya kampeni kule lazima ionyeshe jina na anwani ya anayeitoa. Mimi nikaufuta ule mstari mdogo ili maandishi ya Kiswahili yapate nafasi! Saa nne usiku mratibu akapiga simu, video ikaondolewa, nikairudia hadi alfajiri.

Ajira? Mratibu yuleyule alinijua kwa sababu nilikuwa nikibisha hodi milangoni kila Jumamosi, mvua inanyesha, vipeperushi mkononi. Video zilikuja baadaye. Kazi za ofisi za wabunge na vyama hutangazwa kwenye tovuti ya W4MP. Peleka video tatu tu, na kila moja useme ililenga nani. Kazi nyingi huisha kura zikishahesabiwa, kwa hiyo usiache mapema kazi yako ya ghalani.

Mlioko nyumbani mkiahidiwa kazi ya kampeni ng'ambo kisha mnaombwa hela ya viza kwanza: serikali ya Uingereza huchapisha orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wageni. Mdogo wangu wa Makorora aliletewa ujumbe wa aina hiyo juzi. Tumelitafuta jina la kampuni hapahapa barazani, halimo.