Chumba cha futi kumi kwa kumi: anzia chini

Ukikabidhiwa ufunguo wa chumba cha kupanga Fuoni, Kwarara au Tunguu, hapa Unguja, usikimbilie kununua picha za ukutani. Simama mlangoni uiangalie sakafu. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ukishaweka kitanda, meza na sanduku la nguo, kinachobaki ni sakafu tu, na hapo ndipo utakapokula, utakaposali na utakapokaa na wenzako usiku wa kuamkia mtihani. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeniuliza humwambia: katika kila shilingi elfu kumi ulizotenga kwa pambo, elfu tano ziende kwenye mkeka.

Mie ni mtu wa Pemba, Micheweni. Nimekulia katika nyumba ambayo mama na shangazi hawakai kitako bila ya ukili mkononi, ule utepe wa majani uliosukwa ambao hushonwa kuwa mkeka, na nimekuja Unguja kusoma na mkeka wangu nimeukunja kwapani. Basi hili nalisema kwa uhakika.

Mkeka na jamvi si kitu kimoja. Jamvi ni la miyaa, gumu, ukili wake mpana. Ni la barazani na la shughuli, na ukililalia linakuachia alama mgongoni. Mkeka wa chumbani ni wa ukindu, laini, ukili wake mwembamba, na rangi zake hutiwa kwa kuuchemsha ukindu kabla ya kusukwa. Kwenye masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe utavipata vyote viwili, na muuzaji mwenye haraka atakupa chochote ukimwambia tu unataka cha kutandika. Mwambie wataka wa ukindu.

Usinunue mkeka uliokunjwa. Omba utandikwe wote. Pitisha kiganja juu ya mishono inayounganisha ukili na ukili. Uzi ukiwa umelegea mahali pamoja, kabla ya mwaka kwisha mkeka utakuwa vipande. Tazama upindo wa pembeni, maana huko ndiko unakoanza kufumuka. Kisha rowesha ncha ya kidole, usugue penye nyekundu au zambarau. Rangi ikikuganda kidoleni, itaganda kwenye shuka na kwenye kanzu nyeupe ya Ijumaa. Vipimo uwe navyo kabla ya kutoka nyumbani: pima sehemu iliyo wazi baada ya kitanda, si chumba kizima, kwani mkeka uliosukumwa chini ya kitanda hauonekani na unaliwa na mchwa kimyakimya.

Ukiwa na jamaa Pemba, agiza moja kwa moja kwa msukaji, umchagulie na rangi. Lakini usimbane bei. Mkeka mmoja huanza kwenye kukata ukindu, kuuanika, kuuchana, kuutia rangi, kusuka ukili pima kwa pima, ndipo ushonwe. Ni kazi ya wiki nyingi inayofanywa baina ya shamba, pwani na jikoni. Mwanafunzi anayelipa bila ya kunung'unika simu yake inayokaa mfukoni, kisha akambana mwanamke kwa shilingi elfu tatu za mkeka, mie siwezi kumuelewa.

Kuutunza si kazi. Fagia, pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, anika kivulini, maana jua kali huupausha. Masika yakiingia, Machi mpaka Mei, uinue kila asubuhi uuegemeze ukutani upate hewa chini.

Hewa ndiyo jambo la pili, na watu wengi hawaihesabu kuwa ni pambo. Chumba chetu hapa hakiharibiwi na umasikini, kinaharibiwa na ukungu. Unabandika picha nzuri za karatasi Februari, ikifika Aprili zimejikunja pembe na zina madoa meusi. Kabati lililobanwa ukutani linazinukisha nguo zote zilizomo. Acha nafasi ya viganja viwili nyuma ya kila kitu kikubwa. Godoro usiliweke chini kabisa. Liinue hata kwa paleti za mbao zinazoletea mizigo. Ukichukua paleti tazama muhuri uliochomwa kwenye ubao: HT maana yake mbao imetiwa joto kuua wadudu, hiyo chukua. Yenye MB imefukizwa kwa dawa ya sumu, iache huko huko. Yenye HT pia ipige msasa na uianike juani kabla ya kuiingiza ndani, usije ukabeba kunguni wa ghala.

Ukuta. Wenzangu wengi wanataka rangi ya dukani, tena ya mafuta, kwa sababu inang'aa. Mie natetea chokaa. Angalia nyumba za zamani za Mji Mkongwe: vyumba vyao ni virefu lakini vyembamba, kama mita tatu hivi, kwa kuwa upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Wenyewe waliishi humo kwa raha. Kuta walizipaka chokaa nyeupe, vyombo wakavipanga kwenye zidaka zilizochongwa ndani ya ukuta, sakafu wakaiacha wazi. Sisi tunaoishi kwenye matofali ya saruji hatuwezi kuchonga zidaka, ukuta ni mwembamba mno, lakini yale mawili mengine tunayaweza bila ya kutumia pesa nyingi.

Mwenye nyumba akikuruhusu, nunua chokaa ya unga. Ikoroge kwenye ndoo ya maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, tia gao moja la chumvi, iache ilale usiku, asubuhi uichuje kwa kitambaa kikuukuu. Ukitaka rangi kidogo, tia rangi ya unga. Mie nilitia manjano hafifu na sijuti. Ukuta uloweshe maji kwanza, kisha paka mkono mwembamba, uache ukauke mpaka siku ya pili, upake tena. Ikiwa mbichi utadhani hujapaka kitu, weupe huja ikikauka, kwa hiyo usiongeze unene kwa kukosa subira: chokaa nene hupukutika. Funika macho na mikono, chokaa inaunguza. Na ikiwa ukuta una rangi ya mafuta, usihangaike, haitashika. Faida yake ni kuwa ukuta unapumua, na ukungu hauipendi chokaa.

Badala ya zidaka, tundika makapu. Vikapu vitatu vya ukili kwenye misumari ya saruji, kimoja cha vitabu vyepesi na madaftari, kimoja cha mafuta na vitana, kimoja cha waya na chaja. Mwenye nyumba akikataza misumari, omba miwili tu, ufunge kamba kutoka mmoja hadi mwengine.

Pazia ni kanga, wala usihangaike na kitu chengine. Doti moja ina vipande viwili, kila kimoja karibu mita moja na nusu kwa moja na kidogo, basi dirisha la kawaida la futi tatu linatosheka pande zote mbili na linabakisha mikunjo. Ifue peke yake kwanza, itoe wanga na rangi ya ziada, ndipo umpe fundi cherehani akunje upande wa juu upitishe waya. Mwambie asiguse upande wa jina. Na jina lenyewe lichague kwa makini. Kanga ya kijembe ni ya kuvaliwa siku yake. Ukiitundika dirishani, kila jirani anayepita atajiona anaambiwa yeye, na wewe ni mgeni mtaani. Chukua *Wema hauozi*, au dua, au lolote utakaloridhika kulisoma kila unapoamka.

Taa usiidharau. Globu nyeupe kali inakifanya chumba kionekane duka la dawa. Tafuta globu ya LED yenye mwanga wa manjano, kwenye boksi imeandikwa 3000K au 2700K. Inakula umeme kidogo na tukuza yako, yaani umeme uliolipia kabla, itachelewa kwisha. Kwa kusomea weka taa nyengine ya mezani, nyeupe. Halafu nunua kawa, lile lile la kufunikia chakula, la rangi rangi. Toboa ncha yake, pitisha waya, litundike juu ya globu, na usiku dari lote litajaa vivuli vya ukili. Kawa hufanyiwa hivyo kwa LED peke yake. Globu za zamani zinachemka, zitachoma ukili na chumba.

Harufu ni rahisi: karafuu kavu kwenye kitambaa ndani ya sanduku la nguo, asumini kwenye sahani ukizipata. Udi fukiza dirisha likiwa wazi, na chetezo usikiache na makaa ukatoka.

Kama mnakaa wawili, kabla ya kununua chochote kubalianeni kila kitu kitakuwa cha nani mkimaliza chuo. Msinunue mkeka kwa kuchanga nusu kwa nusu. Mmoja anunue mkeka, mwengine anunue kanga, taa na chokaa, muandike kwenye daftari. Nimeona marafiki wa tangu skuli wakikwaruzana mwezi wa mwisho kwa ajili ya mkeka usioweza kukatwa.